Richard Bright: Daktari aliyeona macho na figo vikiugua pamoja

Wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu hushangaa daktari anayewatibu figo anapowauliza kama wamewahi kupimwa macho. Wengine hushangaa zaidi pale daktari wa macho, baada ya kutazama ndani ya jicho, anapowaandikia kipimo cha mkojo. Mtu amekwenda kwa sababu haoni vizuri maandishi ya gazeti, iweje aambiwe alete mkojo?

Jibu la swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maisha ya mtu mmoja, Dk Richard Bright wa Uingereza. Kwa zaidi ya miaka 100, vitabu vya tiba viliuita ugonjwa wa figo kwa jina lake. Wiki hii tunayaangalia maisha yake, kwa sababu alikiona kitu ambacho hakuwa na kifaa cha kukithibitisha. Kifaa hicho leo kipo, lakini wagonjwa wengi bado hawakifikii kwa wakati.

Kijana wa Bristol

Bright alizaliwa Septemba 28, 1789 katika mji wa bandari wa Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye hisa katika benki, hivyo kijana huyo hakukosa ada wala vitabu. Mwaka 1808 alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akaanza na masomo mengine kabla ya kuhamia udaktari.

Mwaka 1810 aliyaacha masomo kwa muda akaenda kisiwa cha Iceland pamoja na msafara wa Sir George Mackenzie. Huko alikusanya mimea, akachunguza wanyama na kuandika alichokiona. Aliporudi aliendelea na mafunzo katika Hospitali ya Guy's jijini London, na mwaka 1813 akapata shahada yake ya udaktari Edinburgh.

Hakutulia. Alisafiri Ulaya, akafika Vienna na kuingia ndani ya Hungaria. Mwaka 1818 alichapisha kitabu cha safari hiyo, na baadhi ya picha zilizomo alizichora kwa mkono wake mwenyewe. Tunaitaja safari hii kwa sababu tabia ile ya kutazama kwa makini, kuchora na kuandika ndiyo aliyoingia nayo wodini.

Njia haikuwa nyepesi. Alipofanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa homa jijini London aliambukizwa, nusura apoteze maisha. Mwaka 1820 aliajiriwa Guy's kama daktari msaidizi, na mwaka 1824 akawa daktari kamili wa hospitali hiyo. Katikati ya miaka hiyo alipata msiba mzito. Alimwoa Martha Babington mwaka 1822, na mwaka uliofuata mkewe akafariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Alioa tena mwaka 1826.

Kijiko na mshumaa

Wodi za Guy's wakati huo zilijaa watu waliovimba. Wengine walivimba miguu, wengine uso, wengine tumbo lilijaa maji hadi wakashindwa kupumua wakiwa wamelala. Madaktari waliuhesabu uvimbe huo kuwa ugonjwa wenyewe. Waliutibu kwa kutoa damu, kuharisha na kukojoza, na wagonjwa wengi walikufa.

Bright alifanya mambo mawili kwa pamoja, na kwa uvumilivu. La kwanza, aliupima mkojo wa mgonjwa akiwa hai. Aliuweka kwenye kijiko na kuupasha moto juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mwenye figo nzima hubaki ulivyo, lakini wa baadhi ya wagonjwa wale uliganda na kuwa mweupe kama ute wa yai unapochemka. Ilikuwa ni protini ya damu iliyovuja na kuingia kwenye mkojo.

La pili, mgonjwa akifariki, Bright alikwenda chumba cha uchunguzi wa maiti na kutazama viungo vyake. Kwa wale ambao mkojo wao ulikuwa ukiganda, alizikuta figo zimeharibika. Nyingine zilikuwa zimepauka na kuvimba, nyingine zimesinyaa na kuwa ngumu, zenye vinundu juu yake.

Madaktari kadhaa kabla yake walishaona kwamba mkojo wa baadhi ya watu waliovimba huganda ukipashwa moto. Kazi ya Bright ilikuwa kuunganisha mambo matatu, yaani mwili unaovimba, mkojo wenye protini na figo mbovu, kuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha matokeo yake mwaka 1827 katika kitabu chenye picha za rangi za figo zilizougua. Mwanakemia John Bostock alimsaidia kupima damu na mkojo, na ikaonekana kwamba uchafu uliopaswa kutoka na mkojo ulikuwa unabaki kwenye damu.

Wagonjwa waliopoteza nuru ya macho

Mwaka 1836, katika jarida la Hospitali ya Guy's, Bright alichapisha taarifa nyingine, ikiwamo orodha ya wagonjwa 100 wenye ugonjwa huo na hali ya viungo vyao baada ya kifo. Hapo ndipo picha ilipopanuka. Figo hazikuwa zikiugua peke yake.

Aligundua kwamba moyo wa wengi wao ulikuwa umekua na kuta zake zimenenepa, hata pale ambapo milango ya moyo haikuwa na kasoro. Akafikiri kwamba huenda damu iliyochafuka ilikuwa inaulazimisha moyo kutumia nguvu zaidi kuisukuma kupita kwenye mishipa midogo. Kumbuka kwamba wakati huo hakukuwa na mashine ya kupimia presha. Kipimo cha mkanda wa mkononi tunachokifahamu kilitengenezwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896.

Pia alieleza kuwa baadhi ya wagonjwa wa figo walipoteza uwezo wa kuona. Kwa nje macho yao yalionekana mazima. Hayakuwa mekundu, hayakuwa na usaha wala ukungu, lakini mgonjwa alikuwa haoni vizuri, na wengine hawakuona kabisa. Madaktari wa enzi hizo walikuwa na jina la upofu wa namna hiyo, lakini jina hilo halikusema chochote zaidi ya kwamba mtu haoni na jicho halina kasoro inayoonekana.

Bright aliandika alichokiona, lakini zaidi ya hapo hakuweza kwenda. Hakukuwa na njia ya kutazama nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Mboni ilikuwa tundu jeusi tu.

Wodi mbili za figo

Umaarufu wake ulikua. Mwaka 1837 aliteuliwa kuwa miongoni mwa madaktari wa Malkia Victoria. Hata hivyo, jambo ambalo madaktari wa figo wanamkumbukia zaidi lilitokea mwaka 1842, pale Guy's ilipotenga wodi mbili kwa ajili ya wagonjwa wa figo pekee, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, pamoja na maabara ndogo kando yake. Daktari, mgonjwa na kipimo viliwekwa mahali pamoja. Kliniki za figo za leo zinafuata mpango huohuo.

Muda mfupi baadaye Bright aliacha kazi ya hospitali na kubaki na wagonjwa wake binafsi. Alifariki London, Desemba 16, 1858, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 69.

Kifaa kilichofungua jicho

Miaka michache kabla ya kifo chake, jambo kubwa lilikuwa limetokea mbali na London. Katika mji wa Königsberg, uliokuwa Prussia wakati huo, profesa kijana aitwaye Hermann von Helmholtz alitaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini mboni huonekana nyeusi. Akatengeneza kifaa cha kupeleka mwanga ndani ya jicho na kumwezesha mtazamaji kuona kilichoko nyuma. Alikitangaza mwaka 1851.

Kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuona mishipa ya damu ya binadamu aliye hai bila kumpasua. Mishipa hiyo imetandaa juu ya retina, ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ambayo hupokea mwanga na kutuwezesha kuona.

Mwaka 1859, miezi tu baada ya Bright kuzikwa, daktari wa macho Richard Liebreich alieleza jinsi retina ya mgonjwa wa figo inavyoonekana, yaani kuvuja damu, madoa meupe na kuvimba. Kile kilichokuwa kimejificha nyuma ya mboni za wagonjwa wa Bright kikawa kinaonekana.

Wengine waliendeleza. Katika hospitali ileile ya Guy's, Dk Frederick Akbar Mahomed, aliyefariki mwaka 1884 akiwa na miaka 35 tu, alionyesha kwamba damu inaweza kuwa na shinikizo kubwa kabla ya mkojo kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa wa figo. Mwaka 1876 Dk William Gowers alieleza jinsi mishipa ya jicho inavyokuwa myembamba kwa wagonjwa wa figo wenye shinikizo kubwa la damu. Taratibu ikaeleweka kuwa macho, moyo na figo vimefungwa kamba moja, nayo ni mishipa ya damu.

Kwa nini macho na figo?

Kila figo ina ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe, na ndani yake kuna vichujio vidogo vinavyofikia takribani milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba mno ya damu. Retina nayo inalishwa na mishipa myembamba ya aina hiyo.

Sukari ikibaki juu kwa miaka, kuta za mishipa hii hulegea na kuvuja. Kwenye jicho huvuja damu na majimaji. Kwenye figo huvuja protini, ileile iliyoganda kwenye kijiko cha Bright. Shinikizo la damu likiwa juu, mishipa hubanwa, kuta zake hunenepa na damu inayofika hupungua. Figo ikishaharibika nayo hupandisha shinikizo zaidi, na shinikizo hilo hurudi kuumiza figo na macho.

Ndiyo maana daktari wa macho akiona mishipa ya retina imevuja, hufikiria na figo. Na ndiyo maana daktari wa figo humtuma mgonjwa kwa daktari wa macho.

Hatari kubwa ni kwamba viungo hivi viwili huharibika kimyakimya. Figo inaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila mgonjwa kusikia maumivu. Retina nayo inaweza kuwa imevuja huku mtu akisoma ujumbe kwenye simu bila shida. Anayesubiri kuvimba miguu au kuona giza ndipo aende hospitali huwa amechelewa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mgonjwa wa figo, ukuta huo ni kusafishwa damu kwa mashine mara kwa mara au kupandikizwa figo.

Mgonjwa wa kisukari na presha afanye nini?

Kama una kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata zaidi watu wazima, unapaswa kupimwa macho na mkojo mara tu unapogundulika, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuwa umekaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kujulikana. Baada ya hapo, pima walau mara moja kila mwaka, au mapema zaidi daktari akikuelekeza hivyo.

Upimaji wa macho unaozungumzwa hapa si ule wa kusoma herufi ukutani wala wa kuchagua miwani. Ni wa kutazama retina. Mara nyingi utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa chache utaona ukungu na mwanga utakusumbua. Nenda na mtu wa kukusindikiza na usiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo.

Kwa figo, omba vipimo viwili. Kimoja ni cha mkojo, kuangalia protini inayoitwa albumini. Kingine ni cha damu, kupima kreatinini, ambayo huonyesha figo zinachuja kwa kiwango gani. Usiridhike na kimoja tu.

Jambo moja lisikupotoshe. Macho kuwa salama si cheti kwamba figo ni nzima. Wapo wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili ambao figo zao zimeharibika na retina haina kasoro. Vilevile, si kila aliyevuja damu kwenye retina ana ugonjwa wa figo. Jicho hutoa tahadhari, lakini jibu la figo hutoka kwenye mkojo na damu.

Ukigundulika mapema, kuna mengi ya kufanya. Kushusha sukari na shinikizo la damu hulinda viungo vyote viwili. Zipo dawa za presha ambazo pia hupunguza protini inayovuja kwenye mkojo, na zipo tiba za mionzi ya leza na sindano za macho zinazozuia upofu. Usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Epuka pia kununua ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari ni dhaifu.

Mjamzito na mzazi

Mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, anayeona ukungu au vimulimuli, au aliyevimba uso na mikono, hasa baada ya wiki ya 20, asisubiri tarehe ya kliniki. Hizo zinaweza kuwa dalili za hatari za shinikizo la mimba, ambalo likiachwa huweza kuleta kifafa cha mimba na kuua mama na mtoto. Ndiyo maana kila anapohudhuria kliniki hupimwa presha na mkojo. Na mwanamke anayetumia dawa za presha amweleze daktari mara akishika mimba, au hata anapopanga kushika, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hazifai kwa mjamzito.

Mzazi naye awe na jicho la Bright. Mtoto akiamka asubuhi uso umevimba kuzunguka macho, usikimbilie kudhani ni aleji au kaumwa na mdudu. Tazama mkojo wake. Ukiwa na povu jingi lisiloisha, inaweza kuwa protini inavuja. Ukiwa na rangi ya chai nzito au soda nyeusi, hasa wiki chache baada ya kuumwa koo au kupata vidonda vya ngozi, inaweza kuwa figo zimepata mchomo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na uhakikishe amepimwa mkojo na presha. Ndiyo, hata watoto hupimwa presha. Wengi wa watoto hao hupona vizuri wakiwahi.

Kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, uchunguzi wa macho na figo kwa kawaida huanza ndani ya miaka mitano tangu agundulike, kulingana na umri wake, kisha hufuata ratiba ya kliniki. Mtoto mwenye selimundu naye aulizwe habari za macho na figo, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuziba mishipa midogo ya sehemu zote mbili.

Bright aliwapima wagonjwa wake kwa kijiko na mshumaa, na wengi wao hakuweza kuwaponya. Leo kipimo cha mkojo huchukua dakika chache, na retina hutazamwa bila kisu wala maumivu. Kwenye kliniki yako ijayo, uliza maswali matatu: macho yangu yalitazamwa ndani lini mara ya mwisho, mkojo wangu una protini, na shinikizo langu la damu ni ngapi? Kama hakuna jibu kwenye kadi yako, omba upimwe.